Kuhamisha Leja Bila Kumpoteza Mwanachama

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Kigali ya leo daftari zipo tele, ila haziafikiani. Katika vikundi vya akiba na mikopo, vile ambavyo Wanyarwanda huviita ibimina, na hata katika vyama vya ushirika vilivyosajiliwa, jina la mwanachama mmoja huwa kwenye leja ya mweka hazina, kwenye faili la Excel katika laptopu ya katibu, kwenye jumbe za malipo ya simu, na kwenye kijitabu anachokihifadhi mwenyewe nyumbani. Akija kuuliza ana akiba kiasi gani, anaweza kupewa majibu mawili au matatu. Hapo ndipo kamati hukaa kikao na kuamua kwamba sasa tutafute mfumo.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya kamati hiyo. Yatamfaa pia mkuu wa shule binafsi, mwenye duka la jumla, na msimamizi wa kituo kidogo cha afya, maana kazi ni ile ile. Ninachotaka kukisisitiza ni hiki: programu ni sehemu ndogo ya safari. Sehemu kubwa ni taarifa zenyewe, na uhamisho haujakamilika mpaka mwenye taarifa, kijitabu chake kikiwa mkononi, akubali kwamba kilicho kwenye kompyuta ndicho chake.

Kwanza, jiulize kama unahitaji hifadhidata

Kamati nyingine hukimbilia mfumo wakati shida yao ni nidhamu ya kuandika. Kikundi cha watu 30 wanaochanga mara moja kwa wiki, na kinachoandikiwa na katibu mmoja, kinaweza kuendeshwa kwa miaka mingi na jedwali moja la Excel lililopangwa vizuri: mstari mmoja kwa kila mchango, safu moja kwa kila jambo, bila rangi zenye maana anayoijua katibu peke yake, na bila kuunganisha visanduku. Mkishindwa kulitunza jedwali hilo, hifadhidata haitawaokoa.

Dalili kwamba wakati umefika ni tatu. Ya kwanza ni kuandika jambo moja mara nyingi. Mwanachama akibadilisha namba ya simu, katibu analazimika kuirekebisha kwenye ukurasa wa michango, wa mikopo na wa faini, na mmoja kati ya kurasa hizo atausahau. Ya pili ni watu wawili au zaidi kuhitaji kuandika kwa wakati mmoja, hadi mafaili yanazaliana na hakuna anayejua lipi ndilo lenyewe. Ya tatu ni swali la kawaida, kama "nani amechelewesha marejesho zaidi ya siku 30?", kushindwa kujibiwa bila mtu kukaa nusu siku akihesabu kwa kidole.

Anayedhani hayo ni matatizo ya wadogo tu akumbuke yaliyotokea Uingereza mwaka 2020. Wakati wa korona, karibu wagonjwa 16,000 waliothibitishwa kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatwa kimya kimya. Watu waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Kompyuta haikusimama wala kupiga kelele, na ndiyo maana kosa la namna hiyo ni la hatari: linaonekana kama kazi iliyokwenda vizuri.

Maswali kwanza, programu baadaye

Kabla hujatazama programu yoyote, chukua karatasi uandike maswali ambayo chama hujibu kila mwezi na kila mwaka. Mwanachama huuliza: akiba yangu imefika wapi, na deni langu limebaki kiasi gani? Kamati huuliza: fedha ngapi ziko mikononi mwa wakopaji, na za nani zimechelewa? Mkutano mkuu huuliza: faida ya mwaka ni kiasi gani na kila mmoja atapata gawio gani? Chama cha ushirika kilichosajiliwa kina pia maswali ya msimamizi wake, Rwanda Cooperative Agency, ambayo hutaka kujua wanachama ni wangapi na hesabu za mwaka zimekaaje.

Orodha hiyo ndiyo ramani yako. Taarifa isiyojibu swali lolote lililomo, usiikusanye. Fomu yenye safu 40, nusu yake tupu, humchosha mwandishi, na mwandishi aliyechoka huanza kubuni.

Ukishapata maswali, chora majedwali. Tangu Edgar Codd wa kampuni ya IBM aeleze mwaka 1970 namna ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, kanuni kuu imebaki kuwa rahisi kuisema na ngumu kuifuata: kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Chama cha akiba kinahitaji majedwali manne. La *Wanachama* lina namba ya uanachama, majina, simu, mwaka wa kuzaliwa, makazi na tarehe ya kujiunga. La *Michango* lina namba ya uanachama, tarehe, kiasi, njia ya malipo, na namba ya muamala kama fedha zilikuja kwa simu. La *Mikopo* lina namba ya mkopo, namba ya uanachama, kiasi, riba na tarehe ya kuanza. La *Marejesho* lina namba ya mkopo, tarehe na kiasi.

Angalia kwamba jina la mtu halipo kwenye Michango wala Marejesho. Ipo namba tu. Simu ikibadilika, inarekebishwa mahali pamoja na ripoti zote zinafuata. Angalia pia kwamba salio halina safu yake. Salio hukokotolewa kutokana na michango, mikopo na marejesho kila linapoulizwa. Ukiliandika kwa mkono, siku moja litatofautiana na michango yenyewe, nawe hutajua kipi cha kuamini.

Mchoro huo mpelekee mweka hazina wa siku nyingi kabla ya fundi wa kompyuta. Yeye ndiye anayejua kwamba kuna mwanachama anayelipia watoto wawili, kwamba faini hukatwa kwenye akiba, na kwamba mkopo wa msiba hauna riba. Mambo hayo hayamo kwenye leja. Yamo kichwani mwake, nayo yanaamua kama majedwali yako yatafanya kazi.

Kuchagua programu

Kigezo cha kwanza ni mlango wa kutokea. Muulize muuzaji au fundi akuonyeshe, palepale, jinsi ya kutoa data yote kwenye faili la kawaida la CSV, majedwali yote, bila kumpigia mtu simu. Akianza kueleza kwamba huduma hiyo hulipiwa au hufanywa na makao makuu, mshukuru uondoke. Siku moja mtahama tena, na data mnayoshindwa kuitoa si yenu.

Kigezo cha pili ni mtunzaji. Programu nzuri inayoeleweka na kijana mmoja tu, ambaye mwakani atapata kazi kwingine, inazidiwa na programu ya kawaida inayoeleweka na watu watatu. Cha tatu ni umeme na intaneti: kikikatika kimoja, kazi ya siku ya mkutano inaendeleaje? Cha nne ni gharama ya miaka mitatu, siyo ya mwezi wa kwanza. Huduma nyingi za mtandaoni hutoza kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi, wakati michango yenu ni ya faranga. Cha tano ni lugha: maandishi ya fomu yawe ya Kinyarwanda, Kiswahili, au lugha yoyote ambayo waandishi wenu huifikiria bila kutafsiri.

Microsoft Access huja pamoja na baadhi ya vifurushi vya Office. Inafanya kazi kwenye Windows pekee, faili lake haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na kwa chama cha mamia ya wanachama hiyo ni nafasi ya miaka mingi. Fomu na ripoti zake zinatengenezeka bila kuandika msimbo mwingi. Ukiichagua, gawa faili mara mbili tangu mwanzo: moja la data, jingine la fomu na ripoti, ili kurekebisha fomu kusiguse akiba ya watu.

LibreOffice Base ni ya bure. Udhaifu wake ni kwamba kwa kawaida huweka kila kitu ndani ya faili moja, na umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili hilo linaweza kuharibika. Dawa ni kuiunganisha na hifadhidata ya nje kama MariaDB au PostgreSQL, ambazo nazo ni za bure, lakini hapo unahitaji fundi wa kuzisimika.

Kwa wanaotaka kufanya kazi kupitia kivinjari kuna Airtable, inayokaa kwenye seva za kampuni yenyewe, na kuna Grist, Baserow na NocoDB, ambazo unaweza pia kuzisimika kwenye seva yako. Grist humfaa hasa aliyezoea Excel, kwa sababu inafanana na karatasi za hesabu huku ikishika nidhamu ya majedwali. KoboToolbox ni nzuri kwa kukusanya taarifa kwa simu hata pasipo mtandao, kwa mfano kuandikisha wanachama upya, lakini si mahali pa kuweka leja. Chama kikishakua hadi maelfu ya wanachama, riba za aina nyingi na matawi, kitahitaji mfumo uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Mifos, na mtu anayelipwa kuutunza. Na mwenye duka asichanganye mambo: hifadhidata ya bidhaa na wateja haichukui nafasi ya EBM, yaani mashine ya risiti za kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, ambayo risiti za kodi zimepitia tangu mwaka 2013.

Ukiniuliza ningechagua nini kwa chama cha watu mia mbili chenye ofisi moja, nitajibu hivi: Access, kama leseni tayari imelipiwa na kompyuta ni ya Windows; kama haipo, Grist iliyosimikwa kwenye seva iliyomo nchini.

Usione aibu kuanza na kitu rahisi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa mfumo uliojengwa juu ya Microsoft Access, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kazi ilipopanuka na wagonjwa wa UKIMWI wakaongezeka, Access ilizidiwa. Kutokana na uzoefu huo ilianza kujengwa OpenMRS mwaka 2004. Mwaka 2006 ilikuwa inafanya kazi Eldoret na pia Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Kilichowavusha ni kwamba walijua taarifa zao zina maana gani, wakaweza kuzichukua na kuhama nazo.

Kusafisha: hapa ndipo kazi ilipo

Tenga muda mwingi zaidi kwa hatua hii kuliko nyingine zote. Anza kwa kunakili mafaili yote ya zamani kwenye folda moja, uyape tarehe, na usiyaguse tena. Kazi yote ifanyike kwenye nakala. Kisha shughulikia safu moja baada ya nyingine.

*Kitambulisho.* Namba ya indangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 16. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiandika namba ya kitambulisho kwenye kisanduku cha kawaida, itajigeuza kuwa kitu kama 1.19877E+15, na hata ukiifungua ionekane yote, tarakimu ya mwisho itakuwa sifuri. Hakuna namna ya kuirudisha kwa kubadilisha muundo wa kisanduku. Imeshapotea, na lazima urudi kwenye kadi yenyewe. Kwa hiyo pitia safu hiyo leo: ukikuta kila namba inaishia na 0, umeshajua kilichotokea. Wakati wa kuandika upya, ipe safu nzima muundo wa maandishi kabla ya kuingiza namba ya kwanza.

Namba hiyo hiyo inakupa njia ya kukagua. Kwa raia, tarakimu ya kwanza ni 1, nne zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa, na ya sita ni 8 kwa mwanamume au 7 kwa mwanamke. Ikiwa leja inasema mwanachama ni mama aliyezaliwa 1964 na namba inaanza 1 1946 8, kuna kosa mahali, na si kazi ya mwandishi kukisia ni wapi. Hata hivyo, usiifanye indangamuntu kuwa namba ya uanachama. Mtoto aliyefunguliwa akiba huenda hana, na jirani wa Kikongo au Kirundi ana hati nyingine. Toeni namba zenu wenyewe, fupi, zisizobadilika kamwe, na mtu akiondoka asirithiwe namba yake.

*Simu.* Namba za hapa zina tarakimu 10 na huanza na 078 au 079 kwa MTN, 072 au 073 kwa Airtel. Excel huila sifuri ya mbele, hivyo utakuta tarakimu tisa zinazoanza na 7. Wengine wameandika kwa +250, wengine wameweka nafasi katikati. Chagueni namna moja, iwe maandishi, na zote zifuate hiyo. Isiyotimiza idadi iwekwe kando iulizwe. Kumbuka pia kwamba mume na mke huweza kutumia simu moja, kwa hiyo simu haitoshi kumtambulisha mtu.

*Majina.* Rwanda haina desturi ya jina la ukoo linaloshirikiwa na familia nzima. Ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina tofauti kabisa. Mtu ana jina la Kinyarwanda na mara nyingi jina la dini, na huanza na lolote kati ya hayo kulingana na fomu. Kwa hiyo Uwimana Alice wa leja na Alice Uwimana wa Excel huenda ni mtu mmoja, na Uwimana wawili huenda hawana uhusiano wowote. Herufi za R na L nazo hubadilishana: Kalisa na Karisa. Tengeneza safu mbili, jina la Kinyarwanda na jina jingine, kisha utafute wanaofanana kwa mwaka wa kuzaliwa na simu kabla ya kusema ni mmoja. Usiwaunganishe watu wawili kwa kubahatisha. Kurudia jina ni kosa linalorekebishika. Kuchanganya akiba ya mtu na ya mwingine huvunja chama.

*Herufi zenye alama.* Thérèse, Vénuste na François ni majina ya kila siku hapa. Faili likihifadhiwa kwa namna moja ya usimbaji na kufunguliwa kwa nyingine, Thérèse anageuka ThÃ©rÃ¨se. Unapotoa faili la CSV, chagua UTF-8, na unapoliingiza, sema tena kwamba ni UTF-8. Mtu ana haki ya jina lake kuandikwa sawasawa.

*Fedha na tarehe.* Kompyuta za Kigali zina historia mbili, nyingine zikiwa na mipangilio ya Kifaransa, nyingine ya Kiingereza. Anayeandika kwa mtindo wa Kifaransa huweza kuandika 25.000 akimaanisha elfu ishirini na tano. Kompyuta ya Kiingereza inasoma ishirini na tano. Mkopo wa elfu ishirini na tano unageuka faranga 25 bila mtu kugutuka. Faranga yetu haina matumizi ya senti siku hizi, kwa hiyo ondoa nukta, mikato na neno "frw" kwenye safu zote za fedha, zibaki tarakimu tupu. Kwa sababu hiyo hiyo ya mipangilio, faili la CSV kutoka kompyuta moja hutenganishwa kwa nukta-mkato na kutoka nyingine kwa mkato; ukiona kila kitu kimejazana kwenye safu moja, hiyo ndiyo sababu. Tarehe nazo ziandikwe zikianza na mwaka, kama 2021-04-03, ili pasiwe na mabishano kama ni Aprili au Machi. Na kwa mzee anayejua mwaka wake wa kuzaliwa tu, weka mwaka tu. Tarehe 1 Januari ya kubuni ni uongo ambao kompyuta itauamini.

*Makazi.* Tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, Jiji la Kigali lina wilaya tatu, Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, zenye sekta 35, yaani imirenge. Usiruhusu mtu kuandika jina la sekta kwa mkono. Weka orodha achague. La sivyo Kacyiru itaandikwa kwa njia nne na ripoti itaihesabu kama mahali panne. Ukihitaji umudugudu, yaani kijiji, uufunge na akagari (seli) na umurenge (sekta) wake, maana majina kama Ubumwe na Amahoro yanarudiwa sehemu nyingi.

Siku ya kuhama

Chagueni tarehe ya kukata, na iwe siku ambayo hesabu tayari zimefungwa. Kwa ibimina nyingi hiyo ni mwisho wa mwaka, baada ya kugawana. Hapo mnaanza mzunguko mpya na salio safi, nanyi hamlazimiki kuhamisha kila faranga ya miaka kumi iliyopita. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: mkopo ambao haujaisha uhamishwe na marejesho yake yote, mmoja mmoja, akiba ya zamani ihamishwe kama mstari mmoja wa salio la kufungulia kwenye Michango, leja za zamani zifungwe, ziwekwe mahali pakavu, zisichomwe.

Ingizeni kwa mpangilio. Wanachama kwanza, kwa sababu mchango hauwezi kuingia bila mwenyewe kuwepo. Kisha mikopo, kisha marejesho na michango. Fanyeni jaribio na wanachama ishirini walio wagumu, siyo walio rahisi: mwenye mikopo miwili, aliyehama, aliyefariki na mirathi yake haijagawanywa, anayelipia mtoto. Wakiingia vizuri hao, wengine hawatasumbua. Mistari inayokataliwa isifutwe. Iwekwe kwenye orodha ya peke yake yenye safu ya sababu, na kila mmoja upatiwe ufumbuzi na mtu anayetajwa kwa jina.

Kisha ukaguzi, kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni idadi: wanachama waliotoka ni sawa na walioingia, mstari kwa mstari. Ya pili ni jumla: akiba yote ya zamani na akiba yote mpya zilingane hadi faranga ya mwisho, na fedha zilizoko benki na kwenye simu, ukijumlisha na mikopo iliyoko nje na mali nyingine za chama, zieleze akiba hiyo pamoja na faida. Jumla zikitofautiana kwa faranga 500, tafuteni hizo 500. Mara nyingi tofauti ndogo ni makosa mawili makubwa yaliyokaribia kufutana.

Ngazi ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Chapisheni karatasi moja kwa kila mwanachama: majina, simu, akiba, deni. Katika mkutano, kila mmoja ailinganishe na kijitabu chake na kutia sahihi. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini yeye mwenyewe, na siyo mtu aliyechaguliwa na kamati. Penye tofauti, andikeni namba zote mbili na kamati itoe uamuzi ulioandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Mwandishi wa kompyuta asipewe mamlaka ya "kurekebisha kidogo". Mama anayeuza mboga na kuweka faranga 500 kila siku hana njia nyingine ya kujua kwamba fedha zake zimevuka salama, na chama kilichomnyima nafasi hiyo kimehamisha tarakimu na kuacha imani yake nyuma.

Baada ya hapo, endesheni leja ya karatasi na kompyuta sambamba kwa miezi miwili, mkilinganisha kila mwisho wa mwezi. Ni kazi mara mbili, lakini ni ya muda. Miezi miwili ikipita bila tofauti, fungeni karatasi kwa azimio la kamati. Kuendelea na zote mbili bila kikomo kutawarudisha kwenye majibu mawili.

Sheria, nakala na funguo

Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda data binafsi na faragha nchini Rwanda, na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA, ndiyo inayoisimamia kupitia ofisi yake ya ulinzi wa data. Anayekusanya na kutunza data za watu anatakiwa kujisajili huko. Data itunzwe ndani ya Rwanda. Kuitunza nje kunahitaji cheti kinachoruhusu hivyo. Hili lina uzito wakati wa kuchagua programu ya mtandaoni: muulizeni muuzaji seva ziko nchi gani, ajibu kwa maandishi. Data ikivuja, mamlaka ijulishwe ndani ya saa 48 tangu mlipotambua. Na pale mnapowaandikisha wanachama upya, waelezeni mnachukua nini na kwa kazi gani. Kama chama hakina swali linalojibiwa na dini ya mtu au hali yake ya afya, safu hiyo isiwepo.

Nakala za akiba ziwe angalau mbili nje ya kompyuta yenyewe: moja kwenye diski iliyo mahali pengine kabisa, nyingine kwenye seva. Flashi iliyomo kwenye droo ya meza ile ile itaibiwa pamoja na laptopu. Na nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Kila robo mwaka ifungueni kwenye kompyuta nyingine, msome salio la wanachama watano na kulilinganisha.

Kila mtumiaji awe na jina lake na neno lake la siri. Katibu aandike, mweka hazina aidhinishe, mwenyekiti asome. Mtu akiacha uongozi, ruhusa yake ifungwe siku hiyo hiyo, hata kama ni rafiki wa wote. Hilo linamlinda yeye pia.

Kama kamati yenu imekuwa ikisubiri mfumo kamili, msisubiri tena. Wiki hii andikeni maswali yenu kwenye karatasi moja, na mfungue faili la wanachama mkague safu ya vitambulisho. Wiki ijayo kaeni na mweka hazina mchore majedwali. Programu itakayofuata mnaweza kuibadilisha mnavyotaka, mradi taarifa ni safi na kila mwanachama ametia sahihi kwamba ni zake.